Imani ya Siku za Juma

Desturi ya watu wengi, wanapotaka kuipima imani ya jirani yao, ni kumtazama siku ya Jumapili: amevaa nini, ameketi safu gani, sauti yake yasikika vipi katika nyimbo, na mkono wake unapofika kwenye kapu la sadaka waacha kitu au wapita tu juu yake. Katika nchi niliyolelewa mimi, magharibi ya Ziwa Viktoria, kati ya migomba na mibuni ya Bukoba, palikuwa na kizazi cha Wakristo ambao kipimo hicho walikidharau waziwazi. Wao walipotaka kujua hali ya roho ya mtu walikwenda kwanza kuuliza penye mizani ya kahawa; kisha walimwuliza mkewe; kisha waliwauliza waliomkopesha; na baada ya hao wote, kama wasaa ulibaki, ndipo walipomwuliza mchungaji.

Watu hao waliitwa walokole, na jina hilo walipewa kwa kejeli kabla hawajalipokea kwa fahari. Habari za asili yao zimeandikwa na wengi, nami sitazirefusha. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akitumikia hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki ya Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na nafsi, kwa kuwa nchi aliyotoka ilikuwa imepigwa na njaa kali, naye alikuwa ameona kwa macho yake jinsi bidii ya mwanadamu inavyoweza kwisha kabla ya shida kwisha. Juu ya kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali katika idara ya afya, na wawili hao wakakaa siku mbili wakisoma Biblia pamoja na kuomba. Mzungu na Mwafrika, mmoja wa taifa lililotawala na mwingine wa taifa lililotawaliwa, waliketi pamoja wakiambiana upungufu wao. Na mtu ajuaye mambo yalivyokuwa katika miaka ile atakiri kwamba jambo hilo peke yake lilikuwa ajabu kuliko miujiza mingi itangazwayo leo kwa vipaza sauti. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha, akafanya kazi mpaka alipofariki Januari 1936 angali kijana; na kutoka huko uamsho huo wa walokole ukaingia Kigezi, Ankole na Buganda, ukavuka mpaka ukafika Bukoba, kisha ukaenea Kenya na pande nyingine za Tanganyika.

Wanahistoria hupenda upande wa mikutano mikubwa, wala si ajabu, maana mikutano huacha picha na tarakimu nyuma yake: Kabete, karibu na Nairobi, mwaka 1949, ambako maelfu walikusanyika, na wimbo wa Tukutendereza, ulioanzia Buganda juu ya wimbo wa Kiingereza, ukaimbwa kwa Kiganda na watu wa lugha nyingi, hata mtu wa Dodoma na mtu wa Kigezi, ambao hawakuweza kuombana chumvi kwa lugha moja, waliweza kusalimiana kwa wimbo huo. Haja yangu mimi ni lile lililofuata, wakati mtu aliposhuka kwenye lori, akashika njia ya migombani hata nyumbani kwake, akamkuta mkewe, akakuta deni lake, na ng'ambo ya ua akamkuta jirani ambaye yeye mwenyewe alimwibia hatua kadhaa za shamba kwa kung'oa alama ya mpaka usiku. Mkutanoni alikuwa ameokoka. Sasa ilikuwa Jumatatu.

Palikuwa na mtu kijijini kwetu, ambaye sitamtaja kwa kuwa wajukuu wake wangali hai na baadhi yao wana madaraka, aliyekuwa mfanyabiashara wa butura katika miaka ya hamsini. Butura, kwa msomaji asiyetoka kwetu, ni ununuzi wa kahawa ingali bado juu ya mti: mkulima aliyebanwa na karo, au mahari, au msiba, huuza mavuno ya miezi ijayo kwa bei ya kutupa, na siku ya mavuno huwa mgeni katika shamba lake mwenyewe. Ni biashara iliyopigwa vita kwa miaka mingi na haijafa, kwa sababu msingi wake ni dhiki, na dhiki hailali. Mtu huyu alipokwisha kutubu mbele ya ndugu, nao wakamwimbia na kumkumbatia kama ilivyokuwa ada yao, mzee mmoja wa uamsho alimwuliza swali moja tu: daftari liko wapi? Likaletwa. Wakaketi naye barazani tangu alasiri mpaka giza lilipoingia, jina baada ya jina, wakihesabu alichotoa na alichovuna, na tofauti ya kila mmoja ikaandikwa kwenye ukurasa wa mkabala kwa hati ya mzee yule, kwa kuwa mkono wa mwenye daftari, nadhani, haukuwa imara.

Ilimchukua misimu kadhaa ya kahawa kulipa. Aliuza baiskeli, akauza cherehani, akauza mabati aliyokuwa amenunua kuezekea nyumba mpya, akaendelea kulala chini ya nyasi zinazovuja. Kaka yake mkubwa alikwenda kwa mganga kuuliza ni nani aliyemroga mdogo wake. Marehemu baba yangu, aliyekuwa mmoja wa watoto waliotumwa kupeleka fedha zimefungwa katika vitambaa, alinisimulia kwamba si wote waliozipokea kwa furaha; wako waliozihesabu mara mbili wakidhani wanatiwa mtegoni, na yuko mjane mmoja aliyezirudisha. Mwaka ule alipouza kahawa yake kwa butura, alisema, mwanawe alikuwa mgonjwa, na laiti angalipata bei ya haki angalimpeleka hospitali; fedha hizi za sasa hazina mtu wa kupelekwa.

Mfanyabiashara alikwenda mwenyewe, akakataliwa. Akarudi baada ya mavuno mengine, akakataliwa tena. Ikawa mazoea yake kwenda kwa mjane yule kila msimu, akaketi uani bila kunena neno, ilhali mwenye nyumba akiendelea na shughuli zake kana kwamba hapana mtu, hata siku moja mama yule alipomwambia kwamba maadamu amekuja, na mdomo wake hauna kazi, basi mikono yake iwe na kazi; jembe liko pale. Alipalilia shamba lile mpaka uzee ulipomzuia. Fedha hazikupokelewa kamwe. Sikupata kusikia kwamba mjane alimsamehe, wala baba yangu, aliyeipenda hadithi hii na kuisimulia mara nyingi, hakuthubutu kuitia mwisho huo kwa ajili ya kutupendeza sisi watoto.

Nimekaa na habari hii kwa muda mrefu wa maisha yangu, na kila umri umenionyesha upande wake mwingine. Nilipokuwa kijana niliona ushujaa wa mtu aliyeuza mabati yake. Nilipooa na kuwa na nyumba ya kulisha nilianza kumfikiria mkewe, aliyevujiwa na mvua kwa ajili ya toba ambayo hakuombwa shauri lake. Sasa, katika uzee, ninamtazama zaidi mzee aliyeuliza daftari, kwa kuwa ninajua ni watu wachache mno, walimu wa dini wakiwa miongoni mwao, wenye moyo wa kumkatiza mtu anayelia machozi ya toba na kumwomba hesabu. Machozi yana utamu wake kwa mwenye kulia na kwa mwenye kutazama pia. Daftari halina utamu. Lakini imani ya mtu yule, kadiri mwanadamu awezavyo kuona, haikukua siku ya machozi. Ilikua katika ile misimu ya kulipa, na zaidi katika ile saa ya kuketi uani akipuuzwa, wakati ambapo hapakuwa na mtu wa kumwimbia.

Wala asidhani mtu kwamba alitakaswa akawa malaika. Hasira yake hakuimaliza. Katika mikutano ya ndugu, iliyokuwa ikifanyika nyumba kwa nyumba, wake nao walikuwa na ruhusa ya kusema, jambo ambalo kwa desturi zetu za wakati ule lilikuwa zito kuliko kodi ya kichwa. Na mkewe, mama mpole wa sura lakini mwenye kumbukumbu kali, alikuwa akisimama na kueleza, bila chuki na bila kupunguza, kwamba tangu walipoonana mara ya mwisho bwana huyu amemrushia bakuli, ila siku ya pili alikula naye mezani na kusema asante. Kula meza moja na mke, katika nchi ambayo mume alizoea kutengewa chakula chake, kulikuwa alama ya walokole iliyoonekana hata na wapita njia. Ndugu walimkemea kwa ajili ya bakuli, wakashukuru kwa ajili ya asante, wakaenda zao. Hivyo ndivyo walivyokua: kwa vipimo ambavyo kitabu cha wasifu wa watakatifu kisingevipa hata mstari.

Au pengine kingevipa. Kiko kijitabu kimoja kilichotoka Paris katika karne ya kumi na saba, ambacho kimesomwa na Wakatoliki na Waprotestanti bila kugombea mwenyewe ni nani, kinachohusu mpishi wa utawa aliyeitwa Ndugu Laurent wa Ufufuo. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Nicolas Herman, mtu wa Lorraine, askari wa zamani aliyerudi kutoka vitani na mguu mbovu. Aliingia utawa wa Wakarmeli mwaka 1640 akapelekwa jikoni, kazi ambayo kwa tabia yake aliichukia, akakaa humo miaka mingi kabla ya kuhamishiwa kushona viatu, hata alipofariki mwaka 1691. Hakuandika kitabu; padre Joseph de Beaufort alikusanya barua zake na mazungumzo yake baada ya kifo. Alitumwa mara moja Burgundy kununua mvinyo wa utawa, naye kwa ajili ya mguu wake hakuweza kutembea ndani ya mashua ila kwa kujiviringisha juu ya mapipa, wala hakuona haya, kwa sababu, alivyoeleza, shughuli ile ilikuwa ya Mungu na si yake. Fundisho lake lote laweza kuandikwa nyuma ya bahasha: kwamba wakati wa kazi usitofautiane na wakati wa sala, na kwamba kugeuza andazi kikaangoni kwa ajili ya kumpenda Mungu si ibada ndogo.

Wako wasomaji wampendao Laurent kwa utulivu wake, wakadhani alizaliwa nao. Husahau kwamba yeye mwenyewe alikiri kupita katika miaka mirefu ya giza, akiamini kwamba amehukumiwa kupotea, na kwamba katika miaka hiyo vyungu vilioshwa kama kawaida. Mimi nampenda kwa ajili ya vyungu hivyo.

Nyumbani kwetu mwenye elimu hiyo alikuwa bibi yangu, mzaa baba, ambaye hakupata kusikia habari za Laurent na angaliweza kumfundisha jambo moja au mawili juu ya ndizi. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la ubatizo, na kusoma kwake kulibaki kwa taratibu na kwa sauti maisha yake yote. Lakini kusali kwake kulikuwa kwa kasi, tena hakukuwa na mpaka na mazungumzo mengine. Akiketi kumenya ndizi za mchana angeweza kumwomba Mungu amrehemu shangazi aliyekuwa na mimba nzito, kisha bila kubadili sauti akamkemea mbuzi, kisha akamshukuru Mungu kwa mvua, kisha akatuuliza sisi ni nani aliyechukua kisu kidogo, nasi tulijifunza kutambua kwa mkao wa kichwa chake neno lipi lilikuwa letu na lipi lilikuwa la Mwenyezi. Mchungaji mmoja kijana, aliyetoka chuoni na mpango wa sala wenye sehemu tano, alijaribu kumpanga. Bibi alimsikiliza kwa adabu kamili, akamshukuru, akampa kuku.

Mambo haya yaliniwia mzaha mzuri wa utotoni mpaka nilipopata haja nayo. Mama yangu alipopigwa kiharusi, akalala, upande mmoja wa mwili wake ukiwa hautii amri, kazi ya usiku iliniangukia mimi, kwa kuwa dada zangu walikuwa mbali na mke wangu alikuwa na mchana wote mikononi mwake. Mwenye kumuuguza mzazi kwa muda mrefu ataelewa bila maelezo. Asiyewahi, maelezo hayatamfaa. Sala ndefu zilikatika zenyewe. Nilichobakiwa nacho kilikuwa vipande: jina la Mungu wakati wa kumgeuza asipate vidonda vya kulalia, jina la Mungu wakati wa kuloweka shuka, jina la Mungu alfajiri nikisikiliza kama anapumua. Usiku mmoja, ulimi wake ukiwa mzito lakini akili yake timamu kabisa, aliniuliza: Mwanangu, unasali au unanung'unika? Nikamjibu, yote mawili, mama. Akanyamaza kidogo akasema, basi endelea.

Sitadai kwamba niliongezeka imani katika miezi ile kwa namna ambayo ningeweza kuisimulia mbele ya ndugu. Sikusikia sauti wala sikupata faraja iliyodumu. Niligundua tu, baada ya mazishi, na tanzia kwisha kusomwa, na wageni kuondoka, kwamba ile tabia ya kutaja jina la Mungu kwa vipande haikuondoka pamoja nao. Ilikuwa imejijengea makazi mahali fulani kati ya mikono na pumzi, nayo ipo hata leo, hasa katika kazi zisizohitaji fikira, na mara kwa mara katika foleni za ofisi, ambako manung'uniko pia hayakosekani.

Kwa kuwa nimewasifu walokole, yanipasa niseme na upande wao wa pili, maana kumsifu marehemu kwa nusu ya ukweli ni riya. Wao waliopigana na kiburi walizaa kiburi cha namna yake. Toba ya hadharani, iliyokuwa dawa kali kwa mtu mwenye cheo, iligeuka kwa wengine kuwa mashindano ya nani alikuwa mwovu zaidi. Na wako waliopima utakatifu wa dada zao kwa urefu wa gauni na mtindo wa nywele, vitu ambavyo daftari la mzee yule halikuviuliza. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26, akiwamo William Nagenda aliyekuja kuwa mhubiri mashuhuri, kwa sababu waliamka kabla ya mapambazuko kusali na kuwahubiria wenzao, na walipokatazwa hawakukoma. Wakuu waliona ukaidi. Vijana waliona ubaridi wa wakuu. Mimi, niliyekuwa mwalimu wa bweni kwa miaka mingi, siwezi kuwahukumu vijana wale kwa ukali wala siwezi kukosa kumhurumia mtu yeyote aliyehubiriwa saa kumi ya alfajiri na mwanafunzi wake.

Lakini kasoro iliyo nzito kuliko hizo haikuonekana mapema. Josiah Kibira, askofu wetu wa Bukoba, aliyechaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977 kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti kile, alikuwa yeye mwenyewe mtu wa uamsho, na katika maandishi yake alilichunguza kwa makini suala la ukoo na kanisa. Kwa maana kwetu mtu ni ukoo wake kwanza, na ajabu ya uamsho ilikuwa kwamba uliwafanya watu wasiohusiana kwa damu waitane ndugu, wakopeshane, wazikane, hata waoane bila kujali miiko ya zamani. Ukoo mpya ulizaliwa. Swali ambalo hakuna aliyependa kuliuliza lilikuwa: ukoo huu mpya utastahimili uzito gani?

Jibu lilitujia kwa miguu. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa takriban saa 24, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara, wakapiga kambi Benaco. Na miongoni mwao walikuwamo waliokimbia wasiuawe, na waliokimbia baada ya kuua. Rwanda, nchi iliko Gahini, ilikuwa katikati ya mauaji ya kimbari yaliyowaangamiza Watutsi na waliowatetea, mamia ya maelfu ya watu katika siku zipatazo 100, wengi wao ndani ya makanisa walimokimbilia. Nilikwenda Ngara na lori la kanisa lililopeleka mablanketi. Kwenye moshi wa kuni mbichi, kati ya vibanda vya turubai, nilimsikia mwanamume akiimba Tukutendereza, peke yake, kwa sauti nzuri. Sikumjua kama ni miongoni mwa waliopona au miongoni mwa walioua, wala wimbo haukunisaidia kujua.

Wako wasemao kwamba uamsho ulimfundisha mtu kutubu pombe, uzinzi, wizi na hasira, lakini haukumfundisha kutubu chuki ya kabila, kwa sababu ulijitenga na siasa ukadhani kujitenga ndiko usafi. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Daftari liliulizwa habari za kahawa. Halikuulizwa habari za nani aliandikwa nani katika kitambulisho, na nani alinufaika na maandishi hayo. Imani inayokua katika mambo madogo peke yake yaweza kubaki ndogo, na mwenye nayo asitambue, kwa kuwa hesabu zake za nyumbani ni safi.

Nasema kwa sehemu kubwa, si kwa yote, kwa ajili ya mtu mmoja. Miaka 30 kabla ya mauaji yale, Januari 1964, huko Nyamata, nchini Rwanda, palikuwa na mchungaji wa Kianglikana aliyeitwa Yona Kanamuzeyi, mtu wa uamsho, aliyewatumikia watu waliofukuzwa makwao wakahamishiwa katika nchi ile kame. Askari walimchukua usiku pamoja na wengine, wakawapeleka penye daraja la mto Nyabarongo. Yona aliomba ruhusa ya kuandika katika kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku. Akaandika kwamba wanakwenda mbinguni, kisha akaandika hesabu ya fedha za kanisa zilizokuwa katika dhamana yake, zisije zikapotea au zikachanganywa na za nyumbani kwake. Alipigwa risasi darajani, na mwili ukatupwa mtoni. Mmoja wa waliokamatwa naye alinusurika, na kwa kinywa chake habari hizi zilijulikana.

Kila ninapoifikia habari hii nasimama kwenye ile hesabu. Kwenda mbinguni, mtu aweza kuandika katika saa ile kwa kutiwa nguvu na hofu yenyewe. Lakini hesabu ya fedha za kanisa haiandikwi mara ya kwanza darajani. Huandikwa na mtu aliyeiandika kila juma, kwa taa ya kibatari, akiwa na usingizi, hata mkono ukazoea. Na mtu huyu wa hesabu ndogo ndogo hakuwa mdogo: alikaa na waliokataliwa na serikali yake, hata akachukuliwa nao. Kwa hiyo sikubali tena kwamba mambo madogo na makubwa ni njia mbili ambazo mtu huchagua mojawapo.

Nyakati zimebadilika, na sasa kwenye uwanja wa mpira ulio karibu nasi huja wahubiri wenye vyombo vya muziki, mafuta ya upako na maji ya chupa, ambao humwahidi mtu gari kabla hajalipa deni la genge. Siwachukii, maana watu huja kwao na dhiki za kweli, lakini sijasikia hata mmoja wao akiuliza daftari. Mahali ambapo daftari bado linaulizwa, kwa kadiri ya uchunguzi wangu, ni katika kikoba cha akina mama wa usharika, kinachokutana chini ya mwembe nyuma ya kanisa, chenye sanduku la chuma la kufuli tatu na funguo zilizogawiwa kwa watu watatu, mmoja wao akiwa mke wangu. Huanza kwa sala, wakanunua hisa, wakapokea marejesho, wakatoza faini, wakagombana, wakafunga kwa sala; na nimejifunza kukaa kimya wakati huo, kwa kuwa wanaume huruhusiwa kuleta viti tu.

Msimu huu wamekuwa na shauri gumu. Mama mmoja alichelewesha marejesho kwa sababu mumewe alilazwa, na kwa kanuni anadaiwa faini. Baadhi walisema kanisa lisilosamehe faini ya mwenye mgonjwa lina haja gani ya mwembe. Wengine, na mke wangu akiwa upande huo kwa sauti kubwa, walisema fedha za sanduku ni za wajane pia, na msamaha unaotolewa kutoka mfukoni mwa mwingine ni rahisi mno. Walijadiliana hata jua lilipopungua. Juma lililofuata ilionekana katika daftari kwamba faini imelipwa, na mwenye kudaiwa aliapa kwamba hakulipa yeye. Mama mkaguzi, mwalimu mwenzangu mstaafu asiyependa miujiza katika vitabu vya fedha, amedai kwamba kanuni inataka jina la mlipaji liandikwe. Katibu amekataa kuliandika. Nalo shauri hilo litasikilizwa katika kikao kijacho, mara baada ya ununuzi wa hisa.